Kitaulo Kinachokataa Maji

Ludovic aligundua utajiri wake ndani ya chumba cha kufulia nguo cha wapangaji wote wa jengo, siku ambayo haikuwa zamu yake.

Wanaoishi Stockholm wanajua uzito wa maneno hayo. Katika mji huu jirani anaweza kupanda nawe lifti mwaka mzima bila kukusalimu na isiwe neno. Lakini kuiba zamu ya mwenzako ya kufua ni dhambi inayobandikiwa tangazo ukutani, kwa herufi kubwa na alama za mshangao. Ludovic hakuwa mtu wa kutishwa na matangazo. Mwenye zamu alikuwa bibi mmoja wa ghorofa ya chini aliyekwenda Uppsala kumtembelea dada yake, na mashine, Ludovic alijiambia, haipendi kukaa bila kazi.

Miongoni mwa nguo zake kulikuwa na kitaulo cha maikrofaiba, kile cha kufutia vioo vya gari. Kitaulo chenyewe kilikuwa maiti. Kwa muda mrefu kilikuwa kikiyasukuma maji huku na huko badala ya kuyanywa, ingawa kila wiki Ludovic alikiosha kwa yale maji mazito ya bluu ya kulainisha nguo, yanayonukia kama bibi harusi. Siku hiyo maji ya bluu yalikuwa yamekwisha. Katika mfuko alikuwa na chupa ya siki tu, aliyotumwa na jirani yake wa juu, Mama Armel, kwa ajili ya kachumbari. Akamimina siki kidogo mahali pa kilainishi, akaweka sabuni ya maji isiyo na manukato, akabonyeza.

Kitaulo kilifufuka. Alikigusisha kwenye tone la maji sakafuni, na tone likatoweka.

Ludovic alisimama akatafakari. Kumbe kilainishi ndicho kilichokuwa kikikiua! Kinazipaka nyuzi mafuta, nyuzi zinalala, na kitaulo kinakuwa laini kama shavu la mtoto lakini hakifuti hata chozi. Ukikifua bila kilainishi, kwa maji ya moto wa wastani na siki kidogo, kinarudi duniani. Mtu mwema angepanda ngazi akawaambia majirani. Ludovic alipanda ngazi vizuri, akampa Mama Armel siki yake iliyopungua, akaenda kutafuta chupa tupu.

Tumtambulishe kijana huyu, maana anastahili. Alikuwa mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mahali ambapo mtu hujifunza kuuza kabla ya kujifunza kununua. Alikaa Jakobsberg. Alivaa koti la kaki lililopigwa pasi, miwani isiyo na nguvu yoyote ya macho, na shingoni alining'iniza kitambulisho cha mkutano fulani wa mainjinia kwenye kitongoji cha kompyuta cha Kista, ambao aliuhudhuria kwa sababu palikuwa na chakula cha mchana. Ukimwuliza kazi yake, alijibu, "Konsulti," yaani mshauri wa makampuni, kisha akatazama saa.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Spånga, kwa Flaviana.

Flaviana alikuwa mama wa Bukoba aliyekuja Uswidi kusomea uuguzi, akaishia kuyauguza magari. Nyuma ya stesheni alikuwa na banda la kuoshea magari kwa mkono, safi kuliko jikoni za watu wengi. Vitaulo vya rangi havikukutana na vya magurudumu, na kitaulo kikianguka chini hakikugusa tena mwili wa gari mpaka kifuliwe. Lakini tusimlaumu Ludovic peke yake katika yaliyotokea. Flaviana alikuwa bahili. Kununua vitaulo vipya kulimuuma kuliko jino, na mwisho wa majira ya baridi, baada ya chumvi na changarawe za barabarani, vitaulo vyake vilikuwa vimekakamaa kama ngozi ya ngoma.

"Dada Flaviana," alisema Ludovic, akikishika kimoja kwa ncha za vidole, "franchement, kusema kweli, hivi vinateseka."

"Vimezeeka tu."

"Havijazeeka. Vina kiu." Akatoa chupa isiyo na karatasi yoyote. Ndani yake mlikuwa na kile kile kilainishi cha bluu cha dukani, kilichobadilishiwa nyumba. "Wakorea tunaofanya nao kazi Kista wanaiita Maji ya Uhai. Kikombe kimoja kwenye maji ya mwisho. Voilà."

"Haiharibu rangi ya magari?"

"Dada, mimi nitakuletea kitu cha kukuharibia? Mimi na wewe, Kanyaru ya kwetu na Kagera ya kwenu, mto si ule ule mmoja?"

Flaviana alikubali kujaribu. Kesho yake vitaulo vilitoka kwenye mashine laini kama vifaranga, vikinukia, na yeye akavipapasa akacheka peke yake kwa furaha. Akaagiza chupa nyingine. Owuor, Mkenya mwenye banda la kuosha teksi kule Jakobsberg, akasikia, naye akaagiza. Habari njema husafiri haraka baina ya watu wanaozungumza Kiswahili kwenye treni za Stockholm, na habari mbaya huchelewa kwa sababu kila mtu anaona aibu kukiri kwamba ametapeliwa.

Haukupita muda mrefu vitaulo vikaanza kukataa maji.

Ludovic akarudi, uso umejaa majonzi kama mtu aliyekuja kuhani. "Dada, vimefikia mwisho wa maisha. Maji ya Uhai yameviongezea siku, lakini siku zote zina mwisho. Usivitupe kwenye taka za kawaida, mazingira, dada! Nipe mimi nitavipeleka återvinning, wakavirejeleze. Bure. Nakusaidia."

Flaviana alimshukuru mpaka akamfungia ndizi za kupika kwenye kopo. Owuor naye akavitoa vyake.

Vitaulo havikufika hata karibu na mlango wa återvinning. Vilikwenda Jakobsberg, kwenye chumba cha kufulia, vikafuliwa kwa siki, vikafufuka wafu wote. Ludovic akakata vile vijikaratasi vya kiwandani vilivyoshonwa pembeni, akavikunja kwa ustadi, akavifunga utepe wa dhahabu, akawaletea Flaviana na Owuor vitaulo "vipya, kutoka Korea moja kwa moja". Wakanunua. Akawauzia na chupa nyingine za Maji ya Uhai, ili vitaulo vipya vife kwa wakati unaofaa. Msomaji, ni kazi iliyozunguka vizuri hivi, kama gurudumu, na mimi ninayesimulia sina budi kuvua kofia kabla sijaanza kulaani.

Tatizo moja tu lilimsumbua: zamu za kufua. Maiti zilikuwa nyingi, na zamu yake moja haikutosha kuzifufua zote. Ndipo akawa anapanda kwa Mama Armel, mjane wa Kirundi mwenye moyo mpana, jina lake Dative, kumwomba zamu yake. Na kama shukrani alimpelekea, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa, chupa ya Maji ya Uhai.

"Mama Armel, tia kwenye nguo za Armel. Kila kitu kikitiwa hii kinapona."

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Dative, na akaiweka kabatini, kwa kuwa manukato yake yalimpa chafya.

*

Sasa twende kwa Lennart. Lennart alikuwa na kampuni ya mazishi, na magari yake ya kubebea maiti, meusi, marefu, ndiyo yaliyokuwa mkate wa Flaviana. Bila magari ya Lennart, banda la Spånga lingefungwa, na Thomas, Mtanzania mwenzake Flaviana aliyeajiriwa bandani, angerudi kugawa magazeti. Gari jeusi halina huruma. Ukilifuta kwa kitaulo kibaya linaonyesha kila mchirizi mara jua linapotoka, na jua la Stockholm hutoka siku ambayo hulitaki.

"Flaviana," alisema Lennart asubuhi moja, kwa upole wa mtu aliyezoea wafiwa, "jana mjane mmoja alisimama kando ya gari langu akaniuliza kama mvua imenyesha. Mvua haikunyesha."

"Samahani sana, Lennart."

"Marehemu hawalalamiki. Ndiyo maana inanibidi nilalamike mimi. Jumamosi nitaleta gari jipya. Likitoka na michirizi, nitatafuta mahali pengine."

Alipoondoka, Flaviana aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alikuwa amelijenga banda lile kwa mikono yake. Akafungua furushi la vitaulo vya Korea ambavyo hakuwa amevitumia bado, akaanza kuvikagua kimoja kimoja, akitafuta kilicho bora kwa ajili ya Jumamosi.

Kwenye pembe ya cha kwanza, kidole chake kilikwama.

Hapa lazima tueleze desturi. Waafrika wa Stockholm hawakodishi vyombo vya harusi, huazimana. Pakiwa na ndoa, komunyo au msiba, sufuria za Kista hukutana na chupa za chai za Spånga na sinia za Jakobsberg, na zisipotiwa alama hazirudi kwao. Mmoja hupaka rangi ya kucha chini ya sufuria, mwingine hukwaruza herufi. Flaviana alitumia uzi wa kijani: mashono matatu pembeni, yamepishana, kwenye vitambaa vya meza, mataulo, mpaka mifuko ya viazi. Na kwa mazoea ya mkono, si kwa kumshuku mtu, alikuwa amevishona hivyo hivyo vitaulo vyake vyote vya magari.

Ludovic alikata vijikaratasi vya kiwandani. Uzi hakuuona, maana miwani yake ilikuwa ya kuonwa, si ya kuonea.

Flaviana alikitazama kitaulo cha Korea chenye mshono wa Bukoba. Akakilowesha, kikanywa maji. Akachukua kingine, akakitia Maji ya Uhai, akakisuuza, akakikausha, akakidondoshea tone. Tone likasimama juu yake likitetemeka, kama kwenye jani la jimbi.

"Thomas," aliita.

"Naam, mama."

"Tumekuwa tukinunua ugonjwa na kununua dawa kwa mtu mmoja. Na dawa yenyewe ni maiti wetu."

"Nimwite polisi?"

"Polisi tuwaambie nini? Kwamba tumelainishiwa vitaulo?" Akavuta simu. Katika kwaya ya misa ya Kiswahili, pembeni yake kwenye sauti ya pili, alisimama kila mara mjane mmoja wa Jakobsberg aliyewahi kumsifia kijana jirani mwenye kupenda sana kufua. "Haloo, Dative? Najua baina yetu hakuna shikamoo, lakini leo nakuamkia. Nina shida."

Walizungumza juu ya Maji ya Uhai na juu ya chumba cha kufulia kinachonuka siki, mpaka chai ikapoa pande zote mbili. Kisha Flaviana akapiga simu ya pili, na sauti yake ikawa asali tupu.

"Kaka Ludovic! Umelala? Kuna tajiri wa mazishi hapa, ana matawi mji mzima. Anataka vitaulo vya Korea kwa magari yake yote. Lete vyote ulivyo navyo Jumamosi, uvionyeshe mwenyewe, mimi Kiswidi changu cha biashara kidogo. Na nitamwita Owuor, ashuhudie."

 Upande wa pili mtu alimshukuru Mungu ambaye hakuwa amemwomba.

"Dada," alisema Ludovic, "wewe ni zaidi ya dada."

*

Ludovic alikuwa na maiti zilizojaa mpaka kwenye beseni la kuogea. Akakimbia kwa Mama Armel, kofia mkononi.

"Zamu yangu? Chukua, mwanangu. Lakini wewe umechoka, macho yako iko nyekundu. Anzisha mashine uende upumzike. Mimi nitashuka niangalie, nivitoe, nivikaushe kwa moto mdogo. Hata kwetu mtoto wa jirani ni mtoto wako."

"Mama Armel, sina la kukulipa."

"Nani amesema habari ya kulipa? Sisi si watu?"

Ludovic alianzisha mashine, siki na sabuni kama kawaida, akapanda kulala akiota matawi ya mazishi. Dative alishuka na kikapu chake. Kilichotokea humo chumbani kati ya mjane yule na mashine ile, Mungu na mashine ndio wanaojua, ila chupa ya kabatini haikuwa tena kabatini.

Vitaulo vilipomfikia vilikuwa vimekunjwa vizuri kuliko alivyoweza yeye. Vilinukia. Lakini Ludovic alikuwa amemimina kilainishi kwa miezi, nguo zake zilinukia, mikono yake ilinukia, hata chai yake ilinukia. Pua yake ilikuwa imestaafu. Akavifunga utepe wa dhahabu, akapanda treni ya Spånga akiwa na mifuko miwili mikubwa ya bluu.

Jumamosi jua lilitoka, bila shaka. Gari la Lennart lilisimama mbele ya banda, jeusi, limeloweshwa maji. Lennart alikuwa na koti refu na subira. Owuor alikuja na chupa zake za Maji ya Uhai kwenye sanduku, akisema anataka kuuliza kitu. Thomas aliegemea mlango. Dative naye alikuwapo, amevaa kitambaa cha kichwani cha Jumapili, eti alikuwa akipita.

"Mina damer och herrar," alianza Ludovic, akiwaita mabibi na mabwana, kisha akaendelea kwa Kiswidi kitamu kuhusu Wakorea, nyuzi na heshima ya wafu. Alizungumza vizuri sana. Lennart alikaribia kufuta jicho. Ludovic akakung'uta kitaulo hewani, akakilaza juu ya boneti, akakivuta taratibu.

Maji yakasogea. Yakahamia upande wa pili wa boneti, yakatulia huko, na njia yaliyopitia ikabaki na mchirizi mpana wenye mafuta unaong'aa juani.

"Hiki kina vumbi la safari," alisema Ludovic. Akachukua kingine. Maji yakarudi yalikotoka.

"Buda," alisema Owuor, "mbona taulo yako inaogopa maji? Ama ni paka?"

Akachukua cha tatu, cha nne. Akalowa mpaka kwenye viwiko, na gari likawa kama limelambwa na ng'ombe. Lennart akasema, "Jaha," yaani kumbe. Aliyekaa Uswidi anajua kwamba hakuna hukumu inayozidi hiyo.

"Haiwezekani!" Ludovic alipiga kelele kwa Kiswahili. "Vilikuwa vizima! Mama Armel, ulivifanya nini?"

Dative alisogea mbele, mikono kifuani, uso wa malaika.

"Nimevitia ile dawa yako, mwanangu. Ile uliyonipa. Ulisema kila kitu kikitiwa kinapona. Nikasema, mtoto anaenda kwa matajiri, nisimtilie kidogo. Nikatia chupa nzima."

 Treni ilipita stesheni, na hata yenyewe ilionekana kunyata.

Ludovic alifungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno: *dawa hiyo ndiyo inayoua vitaulo!* Akamwona Owuor, mikono yake minene juu ya sanduku la chupa. Akamwona Flaviana akimtazama kwa upole wa kutisha.

"Sema tu, kaka," alisema Flaviana. "Kama ni dawa imeviharibu, sema. Sisi sote hapa tunaitumia, tungependa kujua. Owuor hasa."

"Mimi hasa," alisema Owuor.

"Dawa..." Ludovic aliliangalia tena lile sanduku. "Dawa ni nzuri."

"Dawa ni nzuri?"

"Nzuri kabisa."

"Basi vitaulo ndivyo vibovu."

 Kichwa cha Ludovic kilishuka na kupanda mara moja, na kwa tendo hilo dogo akaizika mali yake yote.

"Pole sana," alisema Flaviana, na Thomas alikwisha kuinyanyua mifuko miwili ya bluu. "Vimefikia mwisho wa maisha. Usivitupe hovyo, kaka yangu, mazingira! Niachie mimi nitavipeleka återvinning. Bure. Nakusaidia."

Kisha akafungua kabati, akatoa kitaulo chake mwenyewe kilichofuliwa kwa siki wiki hiyo, akalipangusa gari lote kwa mikono iliyotulia, kuanzia paa kushuka chini, akigeuza upande mkavu kila mara. Boneti ikawa kioo. Lennart akainama, akajiona mzima mpaka tai, akainyoosha tai yake.

"Jumatatu nitaleta mengine mawili," alisema.

Flaviana alimshukuru kwa sauti ya kawaida. Halafu akaingia ndani ya banda, akaketi juu ya ndoo ile ile, akalia kidogo kwa raha, huku Dative akimpiga piga mgongoni na Owuor akianza kuchambua mifuko ya bluu kutafuta vya kwake, ambavyo vilikuwa na doa la rangi ya kucha.

Ludovic alikwenda stesheni mikono mitupu. Mama Armel alimkimbilia mpaka kwenye ngazi, akihema.

"Mwanangu, chupa. Kuna kidogo kimebaki chini. Usije ukakosa."

Akaipokea. Angefanyaje? Alisema asante, maana alilelewa vizuri.

Jukwaani jua lilikuwa limekwisha kazi yake, na mvua nyembamba yenye theluji ikaanza kunyesha kwenye miwani yake. Katika mfuko wa koti akakuta kitaulo kimoja kilichosahaulika, akaifuta. Maji yakahama kutoka kioo cha kulia kwenda cha kushoto, yakaacha ukungu wa mafuta. Akafuta tena, dunia ikazidi kupotea. Mwishowe akaivua, kwa kuwa haikuwahi kumsaidia kuona chochote, na ndipo alipoona, kwenye pembe ya kitaulo, mashono matatu ya uzi wa kijani, yamepishana, yaliyokuwa yakimtazama siku zote hizo.